Dawa Ipo, Mlango Ndio Mgumu

Hapa Kasha, ukitaka kujua nani anameza dawa za UKIMWI, huna haja ya kuiba daftari la muuguzi. Pita tu mbele ya kituo cha afya siku ya kugawa dawa, uangalie nani ameketi benchi lipi. Vituo vingi vya huku vilipangwa hivyo tangu mwanzo: siku yake, benchi lake, mlango wake, na fishi, yaani kadi, ya rangi yake. Waliopanga walitaka kurahisisha kazi, wala siamini kwamba walikuwa na nia mbaya. Lakini kwenye mitaa yetu ya milimani nyumba zimebanana. Mama anayepita na beseni la sambaza kichwani anamjua kila mtu na wazazi wake, na kabla jua halijazama habari imekwisha kufika kanisani, sokoni na kwa mwenye nyumba.

Mimi ni mwenyeji wa Kasha, komini ya Bagira, mjini Bukavu. Ninaishi na virusi vya UKIMWI, na ni mama mshauri: nawapokea waliopata majibu leo, nawatembelea walioacha dawa, nawasindikiza wanaoogopa kwenda peke yao. Kwenye mikutano ya afya swali huwa lile lile: "Dawa ni za bure, mbona hawaji?" Kisha mzee mmoja hutoa methali: mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali ni ya kweli, ila tunaitumia kumlaumu mgonjwa peke yake. Mimi huuliza kitu kingine: ni nani aliyemfundisha kuficha?

Nimefika mahali naamini jambo moja kwa moyo wote. Siri, hiari, heshima na usawa, yaani yale tunayoyaita haki za binadamu, ni sehemu ya matibabu yenyewe kama kidonge kilivyo sehemu ya matibabu. Yakikosekana, kidonge kinabaki kwenye kabati na mtu anakufa nyumbani.

Kidonge kimoja kwa siku

Tuanze na habari njema, maana wengi bado wanaishi na hofu ya miaka ya tisini. Leo wengi wetu tunameza kidonge kimoja tu kwa siku, chenye dawa tatu ndani: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ukikimeza kila siku, virusi hupungua damuni mpaka kipimo cha labo kisivione. Mtu aliyefika hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Mama mwenye mimba anayemeza dawa vizuri ana nafasi kubwa sana ya kuzaa mtoto asiye na virusi.

Hayo si maneno ya kututuliza. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi, mwanamume na mwanamume, katika nchi 14 za Ulaya. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi na anameza dawa, mwenzake hana. Hapakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake aliyekuwa anatibiwa. Utafiti wa kwanza wa mfululizo huo, wa mwaka 2016, uliwahusisha pia wanaume na wanawake, na majibu yakawa yale yale. Nikikaa na mke na mume wa Kasha waliopata majibu tofauti, nikawaambia kwamba ndoa yao inaweza kuendelea na watoto wakazaliwa, ujuzi ninaowapa umetokana kwa sehemu na wanaume wanaotukanwa kila mahali, waliokubali kupimwa na kuulizwa maswali mwaka baada ya mwaka. Sote tunawadai shukrani.

Bukavu nayo ina historia yake ya kujivunia. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa hizi za UKIMWI, zinazoitwa ARV, hapa mwaka 2003, wakati watu wengi wenye mamlaka duniani walisema haiwezekani kutibu UKIMWI mahali penye vita. Mwezi wa Juni 2004 mji ulivamiwa na askari waasi wa makamanda Nkunda na Mutebutsi, risasi zikalia, maduka yakaporwa. Mpango ulikuwa umeandaliwa mapema ili wagonjwa wasikose dozi, na wengi waliendelea kumeza. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba wagonjwa wa Bukavu walipata nafuu sawa na wale wa nchi zenye amani. Mwaka 2005 Pharmakina, kile kiwanda chetu cha kwinini, kilianza hata kutengeneza ARV hapa hapa Bukavu.

Basi vita havikuweza kutunyang'anya dawa. Jambo linalofanikiwa pale bunduki ziliposhindwa ni dharau.

Wanaobaki nje

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta virusi kwa kiasi cha 1.2% ya watu wa miaka 15 hadi 49 nchini Congo. Ukisikia namba hiyo unaweza kudhani shida ni ndogo. Lakini ugonjwa haukugawanywa sawasawa. Miongoni mwa wanawake wanaouza mwili na wanaume wanaolala na wanaume, virusi vipo mara kadhaa zaidi. Duniani kote, zaidi ya nusu ya maambukizo mapya hutokea kwa watu wa makundi kama hayo na wapenzi wao. Wapenzi hao ni waume za watu, wake za watu, madereva, askari, wachimba dhahabu wanaorudi nyumbani Krismasi.

Nawajua kwa sura, kwa hiyo nitaeleza bila kutaja majina wala mitaa.

Dada mmoja anayefanya kazi ya usiku alikwenda kwenye kituo kimoja akiwa na homa na kikohozi. Muuguzi alimuuliza mbele ya watu waliokuwa wakisubiri: "Wewe, wiki hii umelala na wanaume wangapi?" Watu wakacheka. Alichukua mwavuli wake akatoka. Nilipomkuta baadaye alikuwa amekonda na kifua kikuu kimemshika. Aliniambia, "Mama, njaa naizoea, matusi ya mtaani nayazoea. Ila kule nilikwenda kuomba kupona." Leo anameza dawa zake, na ndiye anayeniletea wenzake.

Kijana mwingine alikuwa na kidonda mahali ambapo hakuthubutu kumwonyesha mtu yeyote. Alimwambia daktari ana malaria, akapewa dawa za malaria. Akarudi mara ya pili na malaria ile ile. Daktari hakufanya kosa la udaktari, kwani alitibu alichoambiwa. Nilipomwambia kijana tuingie pamoja aseme ukweli, alinijibu, "Mama, mule ndani kuna mama wa kwaya yetu." Nikamwelewa. Baba yake akisikia, atafukuzwa nyumbani usiku huo huo.

Wapo pia Wambuti wanaoambiwa wakae nyuma ya foleni. Wapo wafungwa. Na wapo waliobakwa, ambao katika Kivu hii hakuna familia isiyowajua. Kwa hao saa zinahesabiwa. Mtu aliyebakwa akifika kituoni kabla ya saa 72 kwisha, anaweza kupewa dawa za kumkinga, anazozimeza kwa siku 28. Baada ya hapo mlango huo umefungwa. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewafundisha wengi somo hilo. Lakini binti anayejua kwamba mchumba atamwacha, na kwamba mama mkwe atasema alijitakia, hukaa kimya siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akija siku ya tano analia, na mimi sina cha kumpa isipokuwa kipimo na ahadi ya kurudi naye.

Chupa inayolia

Watu wa mbali wakisikia neno unyanyapaa hudhani ni maneno tu. Nitaonyesha linavyoonekana mkononi.

Chupa ya dawa za mwezi mmoja ina vidonge 30. Ukiitikisa inalia, na kila anayejua sauti ile anajua una nini kwenye mkoba. Kwa hiyo wengi wakitoka kituoni hujificha nyuma ya choo, wanabandua karatasi ya jina, wanaitupa shimoni. Wengine hujaza pamba ndani ya chupa ili ikae kimya kwenye moto, yaani pikipiki, inaporukaruka kwenye mawe ya kupanda Ciriri. Wengine humwaga vidonge vyote katika kifuko cha plastiki, wakavizungushia kitambaa na kuvisokomeza kwenye gunia la maharage. Lakini chupa ile imetengenezwa kuzuia unyevu, na ndani yake kuna kijifuko cha kukausha hewa. Bukavu ni mji wa mvua na ukungu wa ziwa. Vidonge vilivyomwagwa kwenye plastiki vinaweza kuvuta maji na kuharibika taratibu. Mgonjwa anaendelea kuvimeza kwa uaminifu, na virusi vinapanda. Akienda kupimwa ataambiwa, "Hukumeza vizuri." Alimeza. Kilichoiharibu dawa yake ni hofu ya jirani.

Nimeona mama akimeza kidonge chake chooni kila jioni kwa sababu mume hajui. Nimeona msichana akiruka dozi nne kwa sababu wageni wa msiba walilala chumbani kwake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mvivu.

Sheria iko upande wetu

Ndugu wasomaji, wengi hawajui kwamba Congo ina sheria yake juu ya jambo hili. Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2006 inalinda haki ya afya, bila kusema ni ya watu wenye mwenendo fulani. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 iliandikwa mahsusi kuwalinda watu wanaoishi na virusi pamoja na familia zao. Inakataza ubaguzi. Inataka kupima kuwe kwa hiari na majibu yawe siri. Hali ya virusi haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi. Muuguzi anayetangaza majibu ya mgonjwa kwenye korido hafanyi utovu wa adabu tu, anavunja sheria ya nchi.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa, kifungu cha 45, kilichomwadhibu mtu kwa kumwambukiza mwenzake makusudi. Kwa sikio la haraka inaonekana ni haki. Lakini fikiri na mimi: anayeweza kushtakiwa kwamba alijua ni yule aliyepima. Asiyepima yuko salama mbele ya hakimu. Kifungu kiliwafundisha watu wasipime, na mzigo wake uliwaangukia hasa wanawake, kwa kuwa mama mjamzito ndiye anayepimwa kwanza katika nyumba. Vyama vya watu wanaoishi na virusi na wanasheria walikipinga kwa miaka, na sheria namba 18/012 ya tarehe 9 Julai 2018 ikakifuta.

Kuhusu wale dada na vijana niliowataja, kanuni ya adhabu ya Congo haimfungi mtu mzima kwa kuuza mwili wake mwenyewe, inamwadhibu anayemtumikisha. Haina pia kifungu kinachotaja mapenzi ya watu wa jinsia moja kuwa kosa, ingawa kifungu cha 176 kuhusu aibu ya hadharani hutumiwa kuwatisha na kuwatoza pesa. Hata mtu asiyependa maisha yao hana sheria ya kumwezesha kuwafukuza kwenye kituo cha afya.

Wazo lililotoka kwetu

Nasikia mara nyingi kwamba haki za binadamu katika UKIMWI ni maneno ya Wazungu. Wacha nieleze historia ambayo watoto wetu wangepaswa kufundishwa shuleni.

Mwaka 1984 ulianzishwa mjini Kinshasa mradi ulioitwa Projet SIDA, katika hospitali ya Mama Yemo, ambako Daktari Bila Kapita na wenzake Wakongomani walikuwa wakiwahudumia wagonjwa hao tangu mapema. Mkuu wake wa kwanza alikuwa daktari Mmarekani, Jonathan Mann. Baada ya miaka miwili ya kazi Kinshasa alikwenda Geneva kuongoza mpango wa dunia wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani. Nchi nyingi wakati ule zilitaka kuwapima watu kwa nguvu, kuwafungia mipaka, kuwatenga. Yeye alisimama akasema kinyume: ukimbagua mgonjwa anajificha, akijificha ugonjwa unaenea. Mwaka 1988 mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zisiwabague watu wenye virusi. Mann alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1998. Projet SIDA yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa baada ya uporaji wa mwaka 1991. Lakini aliyeupeleka ujumbe huo Geneva alitoka kwenye wodi za Kinshasa, si kwenye vitabu vya Ulaya.

Majirani zetu wamejaribu njia ya ukali, na tumeona matunda yake. Tanzania, mwaka 2017, serikali ilisimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi haya katika vituo 40. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliyomlazimisha hata mhudumu wa afya kuripoti, na vituo vya Kampala vikapungukiwa na watu. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sheria kwa sehemu kubwa, lakini ikafuta kifungu hicho cha kuripoti, kwa kuwa kilikuwa kinaumiza haki ya afya. Hata majaji waliokubaliana na sheria ile waliona kwamba mgonjwa hapaswi kumwogopa daktari wake. Hapo ndipo ninapotaka sisi tukutane pia, kwa imani zetu zote.

Mwaka uliotupima

Mwaka 2025 ulitupiga pande mbili. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Februari, mji wetu ukaingia mikononi mwa wapiganaji wa AFC/M23. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Watu wengine walikimbilia Uvira, wengine Burundi, na wengine hatujui walipo. Sisi washauri tulizunguka mlima kwa mlima kuuliza nani ana vidonge vingapi, aliyebaki na viwili akamgawia asiye na kitu.

Katika siku hizo niliona waliopotea haraka zaidi ni akina nani. Mama mwenye mume, mwenye jina kwenye orodha ya parokia, alikuwa na mtu wa kumuulizia. Dada wa usiku hakuwa na mtu. Yule kijana hakuweza kwenda kituo kingine na kusema, "Mimi ni mgonjwa wa Kasha," kwa sababu pale hakuna anayemjua wala kumtetea. Aliyedharauliwa wakati wa amani ndiye aliyesahauliwa wa kwanza wakati wa vita.

Tunachoweza kufanya sasa

Mengi hayahitaji pesa za mfadhili. Wagonjwa wa ARV waketi benchi moja na wenye malaria na wenye shinikizo la damu, siku zote za wiki. Fishi ziwe za rangi moja. Maswali ya faragha yaulizwe ndani, mlango umefungwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na dada yake. Aliye imara apewe dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja, ili asionekane njiani kila mwezi na ili vita visimkute mikono mitupu. Kinshasa walianza tangu mwaka 2010 vituo vidogo vya kugawa dawa vinavyoendeshwa na wagonjwa wenyewe, vinavyoitwa PODI. Mtu anaingia, anapokelewa na mwenzake anayemeza dawa ile ile, anatoka baada ya dakika chache. Milimani kwetu jambo hilo lingeokoa nauli na aibu pamoja.

Kuna pia gharama zilizojificha. ARV ni bure, lakini fishi, kipimo kingine, dawa ya kifua au ya ngozi, mara nyingi hulipiwa. Mtu anayedharauliwa huombwa zaidi, maana inajulikana hatalalamika. Kila kituo kiweke bei ukutani, na kamati ya afya ya mtaa iwe na angalau mmoja wetu anayeishi na virusi, mwenye haki ya kusema.

Pasta na padri, simwombi yeyote kati yenu abadilishe mahubiri yake. Mimi mwenyewe ni Mkristo na naketi mbele yenu kila Jumapili. Naomba tu mtu asitoke kanisani akiwa ameamua kutupa dawa kwa sababu mmemwambia amekwisha pona, wala akiwa anaogopa kwenda kwa daktari kwa sababu mlimsema madhabahuni. Wazazi, mtoto aliyekuambia siri yake amekuheshimu, mpeleke kituoni kabla hujamhukumu. Wauguzi, mnafanya kazi bila mishahara ya maana, tunajua, na tunawapenda. Lakini neno lenu moja linaweza kumrudisha mtu au kumpoteza.

Kituo kitakachomhudumia kwa heshima yule tunayemdharau kuliko wote ndicho nitakachokiamini na mimi. Huko ndiko nitakakomtuma binti yangu siku atakapotaka kupima, bila kumsindikiza.